Siku Ile Taa Haikuweza Kuwaka

Gesima,
Jumapili, baada ya ibada

Moraa mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali yako, maana nakusikia chumba cha pili ukimcheka shangazi yako, ambaye anajaribu kulifunga sanduku lako kwa kulikalia. Kesho asubuhi sanduku hilo litatoka nawe kwenda chuo cha uuguzi. Mambo ya blanketi, sabuni na mtu wa kumwona ukifika, yeye na baba yako wamekwisha kuyagawana. Wamekushauri mpaka sasa unaitikia kabla hawajafika mwisho wa sentensi. Humo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka sita, na sina haki ya kukuacha uvuke Bonde la Ufa ukiwa umelibeba wewe kwa niaba yangu.

Ni juu ya babu yako na siku aliyoanguka. Nitalisema kwanza, kisha nitalieleza, ili usisome kurasa hizi ukiwa umeshika pumzi. Hukukosa, Moraa. Hukusinzia, wala hukuzubaa. Taa niliyokuachia uitazame siku ile haikuweza kuwaka, na aliyeizuia isiwake ni mimi.

Soma tena hapo juu kama unahitaji. Nitakungoja.

Unanijua mimi kuwa mtu wa maneno. Tulikuwa wasichana wawili katika darasa zima la uhandisi wa umeme, na mmoja wetu alionekana juu ya meza ya bwalo akiwauliza wanaume waliojaa ukumbi: je, ninyi ni wanafunzi, au ni mifugo inayongoja kupigiwa mbinja? Wiki ile ile nilifukuzwa chuo. Swali lile silijutii hata leo. Nikimwona mkubwa akimkanyaga mdogo, damu yangu huchemka kama zamani, na namshukuru Mungu kwamba hata yako huchemka. Ninachojutia ni kwamba niliuonja mapema mno utamu wa kushangiliwa. Mtu aliyezoea kushangiliwa hupata taabu kubwa kuyatamka maneno matatu ambayo hakuna umati utakaoyapigia makofi: mimi ndiye niliyekosa.

Nilipoolewa huku nikitokea kwetu ziwani, nilikuja na moto ule ule. Mimi na baba yako tulikutana katika Kiswahili, tukakulelea humo, lakini boma hili lilikuwa na lugha yake na sheria zake. Abagusii wana ensoni, ile heshima yenye haya ndani yake: mkamwana na baba mkwe hawapeani mikono, wala hakuna anayeingia mahali anapolala mwenzake. Kwetu ziwani tuna yetu inayofanana nayo; ila mimi nilikuwa nimekwisha kuikana ya kwetu kabla sijaijua ya huku. Yote niliyaita minyororo.

Basi siku ya kwanza, hapo uani, mbele ya ukoo mzima, nilimnyooshea babu yako mkono. Kuku peke yao ndio walioendelea na shughuli zao. Nilikuwa na hotuba tayari kinywani juu ya usawa wa binadamu. Babu aliutazama mkono ule, akavua kofia yake taratibu, akaiweka kiganjani mwangu.

"Nitundikie, mwanangu," akasema. "Msumari uko hapo juu ya mlango."

Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikaenda kuitundika kofia huku hotuba ikinikauka mdomoni. Aliuokoa mkono wangu bila kuugusa. Ilinichukua miaka kumi kuelewa kwamba siku ile nilikutana na akili kubwa kuliko meza zote nilizowahi kupanda.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja alipopatwa na kiharusi. Upande wake wa kuume ulilegea, sauti ikabaki ya kunong'ona. Nyanya yako alikuwa ametangulia mbele ya haki. Baba yako alikuwa darasani mchana kutwa akifundisha, wewe shuleni. Mchana, katika boma lote hili, tulibaki wawili, hatua arobaini kati ya mlango wake na wangu: mwanamke asiyeweza kuingia, na mzee asiyeweza kuita.

Siku zile nilikuwa nikienda mjini Kisii mara mbili kwa juma kutengeneza redio na pasi katika duka la vifaa vya umeme la Bwana Pravin. Siku moja alinisukumia boksi juu ya meza.

"Mama Moraa, chukua hii takataka. Ndugu yangu ametuma toka Uingereza. Inawasha taa, inazima taa, inapita ndani ya waya ya nyumba, hapana waya ingine. Mimi naonyesha wateja. Wananiuliza, 'Pravin, sasa mkono yangu itafanya kazi gani?'"

Ndani mlikuwa na visanduku viwili vya vitufe na vipokezi viwili, vyote vya kuchomekwa kwenye soketi za kawaida. Niliifungua karatasi yake ya maelezo nikahisi kana kwamba chuo kimeniita nirudi. Unajua kwamba umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo bila kupumzika, na kila unapogeuka hupita kwenye sufuri, mara mia moja katika sekunde moja. Ukibonyeza kitufe, kisanduku hungojea penyo hizo za sufuri, na katika kila moja hupenyeza mtetemo mdogo wa kasi mno. Mtetemo huo husafiri ndani ya nyaya zile zile zinazochemsha maji na kuwasha redio, mpaka kwenye kipokezi kilichopangiwa herufi na namba yake. Kipokezi hulisikia jina lake, kikawasha taa. Upande mmoja tu: kinachotuma hakipati jibu.

Nikavuta kebo kutoka nyumba yetu hadi ya babu, nyumba mbili, mita moja ya umeme. Kisanduku kimoja nikampa baba yako akiweke kando ya kitanda cha mzee. Taa yake nikaiweka juu ya kabati jikoni kwangu. Cha pili kikawa kwangu, na taa yake kwa mzee. Kisha nikaenda kusimama nje ya dirisha lake, ubavu wangu ukutani. Ndivyo tulivyozungumza siku zote, yeye ndani, mimi nje.

"Unataka nikuite kwa stima?" akanong'ona.

"Ndiyo, baba. Ubonyeze tu, taa itawaka jikoni."

"Na utakuja?"

"Nitakuja mpaka hapa dirishani."

Akafikiri kidogo. "Hata chifu hana kitu kama hiki. Yeye hupiga kelele."

Jirani yetu Makori alipokuja kumtazama na kukiona kisanduku, alimtania: "Mzee, uzeeni humu umeposa stima?" Babu akamjibu, "Afadhali stima. Haiji kuazima panga langu."

Kila asubuhi kabla ya saa moja taa ile ndogo juu ya kabati iliwaka mara moja, ikazima: ameamka. Nami nikabonyeza changu, yake ikawaka: chai inakuja, utaileta wewe kabla ya kwenda shule. Watu wawili tusioruhusiwa kupeana mikono tukawa tunaamkiana kila siku, na hakuna ensoni iliyovunjwa. Mara nyingine iliwaka katikati ya mchana. Nilipokimbia hadi dirishani nikiwa na unga mikononi, aliniambia, "Hakuna kitu. Nilitaka tu kujua kama uko." Mimi niliyekuwa nimeapa kuivunja mila ile kwa nyundo nilijikuta nimeijengea njia ipite. Sijawahi kuijivunia kazi ya mikono yangu kama niliyojivunia ile.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka uliofuata. Wanawake wa chai walikuwa wamenialika nizungumze penye kituo cha kununulia majani. Walitaka wachumao waandikishwe kama wakulima kwa majina yao wenyewe, wasiwe vivuli vya waume zao. Hoja ilikuwa ya haki, na nilikuwa na kiu. Tangu chuo sikuwa nimesimama mbele ya umati. Kule hakukuwa na umeme, kwa hiyo kipaza sauti kingetumia betri ya gari. Nilikuwa na betri mbili, na chaja niliyoiunda mwenyewe wiki ile. Ilipokuwa ikichaji, iliikoroga redio wakati wa taarifa ya habari. Kwa hiyo nikaifungia kapasita kubwa hapo umeme unapoingilia, iimeze kelele ile. Ikaimeza. Redio ikawa safi, nami nikajipongeza.

Moraa, kelele ya chaja na mtetemo wa taa ni watoto wa nyumba moja. Vyote viwili ni vya kasi kubwa. Kwa umeme wa kawaida kapasita ni kama ukuta. Kwa vitu vya kasi ile ni mlango uliofunguliwa wazi, na kila kinachofika hapo hupotelea humo. Kapasita haiulizi: wewe ni kelele au ni mzee anayeita? Karatasi iliyokuja na boksi ilionya juu ya jambo hilo hilo. Niliisoma. Mimi, binti wa uhandisi, niliisoma na kuielewa, na siku ile sikuikumbuka, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimejaa sauti yangu.

Asubuhi tuliamkiana na babu kama kawaida. Baadaye, karibu na adhuhuri, niliichukua betri iliyojaa, nikaifunga ya pili kwenye chaja, na chaja nikaichomeka kwenye soketi ya jikoni, chini ya taa yake. Kisha, kwa kuwa baba yako hakuwapo, nikakuita wewe.

"Keti hapa. Usiende popote. Taa ikiwaka, kimbia kwa babu."

Ukaniuliza, "Si niende nikakae naye tu, kama kila siku?"

Likumbuke hilo, mwanangu, hata kama mengine yote utayasahau. Ulitaka kwenda. Ni mimi niliyekujibu, "Mwache mzee alale. Taa itakuita."

Nilisema vizuri siku ile. Walinibeba. Nilirudi yapata saa kumi na moja, mvua ya alasiri ikinipiga na sauti ikiwa imenikauka kwa ushindi, na nilipopita nyumba ya babu nikasikia kitu kikigongagonga ukuta kutoka ndani, polepole, kama mtu aliyechoka kugonga. Nikaenda hadi kizingitini.

"Baba?"

"Usiingie, Ng'ina Moraa." Ndivyo alivyoniita siku zote, mama yake Moraa. "Niko vibaya. Mlete mtoto."

Nilikuita ukaja mbio. Alikuwa kwenye sakafu ya saruji kati ya kitanda na ukuta, nguo zimemlowa, kisanduku kifuani. Alikuwa ameanguka mapema mchana, akakivuta kwa waya wake, akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Na mimi, nikiwa nje na mvua mgongoni, nilikuuliza kwa ile ile sauti ya mkutanoni:

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Taa, mama. Haikuwaka."

"Haiwezi kukosa kuwaka! Mtu amebonyeza mchana mzima!"

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umepiga magoti, unamfunika babu yako kwa sweta lako.

Nilikimbia jikoni kuchemsha maji ya kumwoshea. Soketi ilikuwa na chaja. Nikaing'oa nipate pa kuchomeka birika. Na hapo, juu ya kabati, taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena.

Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu anavyoelewa kwamba amejikata kabla hajaona damu. Ndipo nikaisikia sauti yako kutoka dirisha la babu, ikivuka uwanja katikati ya mvua.

"Mama! Ni mimi nabonyeza! Imewaka?"

Nilikuwa nimeishika chaja mkononi.

"Imewaka," nikapaza sauti.

Neno moja, tena la kweli. Sijapata kusema neno baya kuliko hilo, na nimesema mengi. Wewe ulilisikia, babu alilisikia, Makori aliyekuja kusaidia alilisikia, na kila mmoja akalielewa vile nilivyolitaka lieleweke: chombo ni kizima, mtoto ndiye aliyezubaa. Kabla baba yako hajarudi na gari la kumpeleka mzee hospitalini, nilikuwa nimeikata ile kapasita kwa koleo na kuitumbukiza chooni. Unaona? Nilikuwa na akili ya kutosha kuharibu ushahidi, na sikuwa na ujasiri wa kutosha kumwambia mtoto, "Pole, ni mimi."

Baridi ya sakafu ilimwingia babu kifuani na haikutoka. Alirudi kutoka hospitalini, akakaa nasi mpaka mvua ndefu, akatuacha. Wiki moja hivi kabla ya kututoka, nikiwa pale dirishani, alininong'oneza, "Mtoto amekosa nini? Hanitanii siku hizi. Ananiangalia tu kama askari." Nilikuwa na nafasi hapo, Moraa. Mzee alikuwa ameniwekea swali kiganjani. Nikamjibu, "Ni mambo ya shule, baba." Kwenye mazishi yake nilizungumza kwa muda mrefu na watu wakalia. Wewe ulisimama nyuma ya wazee, macho makavu. Nilikuona. Nikaendelea kusema.

Ulirudi kucheka baadaye, na leo kicheko chako kimejaa nyumba nzima. Lakini tangu siku ile hujaweza kutulia mahali ikiwa kuna mtu amelala chumba kingine. Unaacha chakula, unaacha vitabu, unakwenda kumtazama. Watu husema: mtoto ana huruma huyu! Ni kweli, na huruma hiyo ulizaliwa nayo. Lakini mimi peke yangu najua kitu kingine kilichochanganyika nayo, kwa sababu ndimi niliyekitia. Wiki iliyopita ulikuwa ukipiga pasi sare yako, ukaniambia bila hata kuinua macho, "Wodini hakuna mambo ya kungoja taa, mama. Nitapita mwenyewe, kitanda kwa kitanda." Ulisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja kipimo cha kiatu chake. Nilitoka nje. Nilikwambia nakwenda kuanua nguo, na kambani hapakuwa na nguo.

Sikuombi uache uuguzi. Utakuwa muuguzi ambaye wagonjwa watamtaja majumbani mwao. Ninachokuomba ni uujaribu uamuzi wako upya, ukiwa umeondolewa kosa ambalo halikuwa lako. Ukiona bado unaupenda, nenda, nami nitakuwa wa kwanza kukupungia. Ukiona ulikuwa unatumikia kifungo, basi kifungo hicho si chako; una ruhusa ya kushuka kwenye gari hata kesho, hata mwaka wa pili, na hakuna mtu katika boma hili atakayekuuliza sababu. Nitahakikisha.

Na ukienda, utakosea. Sikutishi, kila mwenye mikono hukosea. Siku hiyo ikifika, sema siku hiyo hiyo, kwa sauti ya kawaida, kwa mtu anayehusika. Kusema hakulifuti kosa, laiti kungelifuta. Lakini kosa lisilosemwa halikai kwa mwenyewe. Huhama. Humtafuta mtu aliye karibu na mdogo kuliko wote, humkalia yeye. Nililiona likihama kutoka mkononi mwangu, likavuka uwanja, likaingia kwako, nikaliacha lipite.

Baba yako nilimwambia jana. Aliingia kwenye majani chai, akakaa huko mpaka ukungu ukashuka. Aliporudi alisema, "Mwambie mtoto kabla hajapanda gari." Hajaniambia jingine, na sijui kama amenisamehe. Yule alikuwa baba yake.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute huko uendako. Nimeona kwamba huo ni woga tu uliovaa nguo za upole: usome mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu, nami nibaki huku nikijiona jasiri. Kwa hiyo nitakupa mkononi sasa hivi. Shangazi yako nitamtuma sokoni. Kisha nitaketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Sina hotuba niliyoitayarisha. Njoo uulize lolote, hata kwa ukali. Au njoo ukae kando yangu usiseme neno. Au nipite uende zako hadi barabarani, urudi utakapotaka. Ni saa nane tu.

Nitakuwa pale mpaka utoke.

Mama yako,
Atieno